Gesi ndani ya utando wa seli: namna ya kukokotoa kiasi kilichoyeyuka, hatua kwa hatua

Chukua bomba la sindano la mililita 20, toa sindano yake, kisha vuta mililita 5 za mafuta ya alizeti. Sukuma mpini taratibu mpaka hewa yote iliyo juu ya mafuta iishe, halafu ziba mdomo kwa kidole gumba. Sasa vuta mpini hadi alama ya 20 na uushikilie hapo. Utahitaji nguvu kama ya kuinua kilo tatu, kwa hiyo jiandae. Baada ya sekunde chache, mafuta yaliyokuwa maangavu kama kioo yataanza kutoa vipovu. Yagongegonge, vitaongezeka. Ukiuachia mpini urudi, kitabaki kipovu kidogo juu ya mafuta.

Mtu atasema hewa imevuja kupitia kidole. Basi rudia kwa maji uliyoyachemsha dakika kumi na kuyaacha yapoe yakiwa yamefunikwa: vipovu vitakuwa vichache sana. Hewa ile ilikuwa ndani ya mafuta tangu yakiwa dukani. Mililita 100 za mafuta hubeba hewa iliyoyeyuka kama mililita 8. Kiasi hicho hicho cha maji hakifikishi hata mililita 2.

Kila seli ya mwili imevikwa tabaka jembamba la mafuta ya namna yake, na oksijeni unayoivuta sasa hivi inapita humo. Kabonidayoksaidi unayoitoa inapita humo, na nusukaputi ya mgonjwa aliye mezani inaingia humo pia. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa baiokemia au fiziolojia, na wa yeyote anayejifunza kazi ya kutoa usingizi hospitalini, anayetaka kuacha kukariri na kuanza kukokotoa. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Neno moja kabla ya kuanza. Vitabu vya kemia hutenganisha kuyeyuka kwa barafu na kumumunyika kwa sukari, na vina haki. Ila darasani na hospitalini watu husema gesi "imeyeyuka" kwenye damu, nami nitasema hivyo hivyo. Nikihitaji jina la sifa yenyewe nitasema umumunyifu.

Hatua ya 1: Tenganisha kanieneo na wingi

Ukiruka hatua hii, zote zinazofuata zitakuchanganya. Weka ndoo nyembamba na tanki pana kwenye sakafu moja, uviunganishe kwa mpira chini. Mimina maji kwenye ndoo. Yatapita kwenye mpira mpaka kina kiwe sawa pande zote mbili, hapo yatatulia. Kina ni kimoja, lakini tanki limebeba maji mengi mno kuliko ndoo.

Kina cha maji ndicho kanieneo ya gesi (Kenya wengi husema shinikizo). Upana wa chombo ndio umumunyifu. Maji yaliyomo ndio wingi wa gesi iliyoyeyuka. Gesi haitiririki kutoka penye wingi kwenda penye uchache. Hutiririka kutoka penye kanieneo kubwa kwenda penye ndogo, na husimama kanieneo zikilingana. Kwa hiyo mambo yakishatulia, kanieneo ya halothani (dawa ya usingizi inayovutwa kama mvuke) kwenye mapafu, kwenye damu, kwenye maji ya seli na kwenye utando ni moja. Wingi wake ndio unaotofautiana, tena sana.

William Henry wa Manchester aliliweka hili katika kanuni mwaka 1803: kwenye joto lisilobadilika, ukiongeza kanieneo ya gesi mara mbili, gesi inayoyeyuka kwenye kimiminika nayo huongezeka mara mbili. Hesabu zote zilizo hapa chini ni kanuni hiyo tu, imevaa nguo mbalimbali.

Hatua ya 2: Geuza asilimia kuwa kanieneo

Mashine ya usingizi inazungumza kwa asilimia, ilhali utando unasikia kanieneo peke yake. Zidisha asilimia kwa kanieneo ya hewa ya mahali ulipo.

Dar es Salaam, usawa wa bahari, hewa ina kanieneo ya atm 1, yaani milimita 760 za zebaki. Halothani ya asilimia 1 ni milimita 7.6. Nairobi iko juu kiasi cha mita 1,700, na hewa yake ni kama atm 0.82. Asilimia ile ile moja ni milimita 6.2 tu. Mgonjwa wa Nairobi aliyepimwa kwa asilimia sawa na wa Dar amepata dawa pungufu kwa karibu moja ya tano.

Hapo mwanafunzi mwerevu huuliza: mbona wahudumu wa Nairobi hawaongezi halothani kwenye vepaiza, kile kifaa kinachogeuza dawa kuwa mvuke? Kwa sababu vepaiza ya kawaida, ile inayopitisha sehemu ya hewa juu ya dawa na kuipitisha iliyobaki pembeni, hujisahihisha yenyewe. Mvuke wa dawa hutegemea joto la chumba, hautegemei mwinuko. Hewa ikiwa nyepesi, mvuke huo huwa sehemu kubwa zaidi ya mchanganyiko. Umeweka 1, kinachotoka ni zaidi ya asilimia 1, na kanieneo inabaki karibu ile ile ya pwani. Vepaiza ya desflureni, dawa nyingine ya usingizi, ndiyo tofauti: hupashwa moto na kutoa asilimia kamili iliyoandikwa, kwa hiyo milimani lazima uiongeze. Ukiwa na kifaa kinachopima gesi anayoitoa mgonjwa, kisome kwa kanieneo. Ukikisoma kwa asilimia, usisahau uko wapi.

Jambo dogo la kuongeza: hewa kavu ikifika kwenye vifuko vya mapafu huwa imeshiba mvuke wa maji, ambao kwa nyuzi 37 unachukua milimita 47. Ukianzia na hewa kavu, toa 47 kabla ya kuzidisha. Kwenye makadirio ya haraka, wengi huacha.

Hatua ya 3: Chagua kigawo sahihi

Kigawo cha mafuta na gesi hujibu swali hili: gesi ikiwa na kanieneo moja juu ya mafuta na ndani yake, lita moja ya mafuta imebeba lita ngapi za gesi hiyo? Watafiti wamezoea kutumia mafuta ya zeituni, kwa nyuzi 37. Hivi ndivyo vigawo ninavyovitumia mimi. Vitabu hutofautiana kidogo, usishtuke. Safu ya mwisho ni MAC, kipimo kilichoanza kutumika miaka ya 1960: ni kiwango kwenye vifuko vya mapafu ambacho kikifikiwa, mgonjwa mmoja kati ya wawili hajitikisi ngozi inapokatwa. Hapa kimeandikwa kama asilimia ya atm 1.

| Gesi | Mafuta/gesi | Damu/gesi | MAC |
|---|---|---|---|
| Halothani | 224 | 2.4 | 0.75 |
| Isoflureni | 91 | 1.4 | 1.15 |
| Etha | 65 | 12 | 1.9 |
| Sevoflureni | 47 | 0.65 | 2.0 |
| Desflureni | 19 | 0.42 | 6.0 |
| Zenoni | 1.9 | 0.12 | 71 |
| Gesi ya kucheka | 1.4 | 0.47 | 104 |

Vigawo vya gesi za kawaida ni vidogo mno kando ya hivi. Kwa nitrojeni, lita ya mafuta hubeba lita 0.067; kwa oksijeni 0.112, kwa heliamu 0.015. Lakini angalia mtego: namba hizi tatu ni za mwanakemia Bunsen, na zile za kwenye jedwali ni za mwanakemia Ostwald. Bunsen alihesabu ujazo wa gesi kana kwamba imepozwa hadi nyuzi 0. Ostwald aliuhesabu kwenye joto lile lile la jaribio. Ili kutoka Bunsen kwenda Ostwald kwa nyuzi 37, zidisha kwa 310/273, yaani 1.135. Nitrojeni inakuwa 0.076.

Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza jioni nzima nikitafuta kosa kwenye hesabu ambayo jibu lake lilikuwa limepotoka kwa asilimia 13, nikalaumu kila kitu isipokuwa namba niliyoinakili bila kuangalia ilikuwa ya nani. Tangu siku hiyo naandika B au O kando ya kila kigawo kwenye daftari langu.

Hatua ya 4: Zidisha, kisha gawa kwa 25.4

Kanieneo mara kigawo inakupa lita za gesi ndani ya kila lita ya mafuta. Ukitaka moli, gawa kwa ujazo wa moli moja ya gesi kwa nyuzi 37, ambao ni lita 25.4.

Jaribu halothani kwa kiwango cha MAC. Asilimia 0.75 ni atm 0.0075. Mara 224 ni 1.68: kila lita ya mafuta imemeza lita moja na ziada ya mvuke wa halothani, ingawa juu yake hewa ina chembe tu za dawa hiyo. Gawa kwa 25.4, unapata moli 0.066 kwa lita, au milimoli 66.

Sasa fanya vivyo hivyo kwa zote, kwa mkono wako, usinisome tu. Etha inatoa milimoli 49. Isoflureni 41, sevoflureni 37, desflureni 45. Zenoni, ambayo ni gesi isiyoungana na chochote kwa urahisi, 53. Gesi ya kucheka 57.

Tazama kilichotokea. Safu ya MAC inaanzia 0.75 hadi 104, tofauti ya karibu mara 140. Lakini wingi ndani ya mafuta hautofautiani hata mara mbili. Wastani wake ni milimoli 50. Ni kana kwamba ubongo haujali jina la gesi, unangoja tu mafuta yake yafikishe milimoli 50 ndipo ulale. Hans Horst Meyer huko Marburg na Charles Ernest Overton huko Zürich waliliona hili kila mmoja kivyake, Meyer akachapisha mwaka 1899 na Overton mwaka 1901. Hawakuwa na mashine wala MAC. Waliweka viluwiluwi kwenye maji yenye dawa, wakaangalia ni kiwango gani kinawafanya waache kuogelea, wakalinganisha na jinsi dawa hiyo inavyogawanyika kati ya maji na mafuta ya zeituni.

Gesi ya kucheka ina MAC ya asilimia 104, na hiyo si kosa la uchapaji. Maana yake kwa usawa wa bahari hata ukimpa mgonjwa gesi hiyo tupu, bila oksijeni yoyote, hutafikia kiwango, na utakuwa umemuua kabla. Nairobi iko mbali nacho zaidi. Ndiyo maana huwa inatumika kama msaidizi wa dawa nyingine.

Zoezi moja kabla hujaendelea. Isoflureni, kifaa cha kupimia kinasoma asilimia 1.5 ya kweli. Dar utapata milimoli 54 ndani ya mafuta, Nairobi 44. Kama umepata jibu moja kwa miji yote miwili, rudi hatua ya 2.

Hatua ya 5: Toka kwenye mafuta ya zeituni, ingia kwenye utando

Utando si sufuria ya mafuta. Mwaka 1925 Gorter na Grendel walitoa lipidi (yale mafuta ya utando) kwenye chembe nyekundu za damu, wakazitandaza juu ya maji, wakakuta zinatosha kuifunika kila chembe mara mbili. Utando ni matabaka mawili ya lipidi yaliyogeuziana mikia. Unene wote ni nanomita 4 hadi 5, na moyo wake wa mafuta, ambako hakuna maji, ni kama nanomita 3. Vichwa vya lipidi vilivyo nje hupenda maji, kwa hiyo hesabu ya hatua ya 4 inahusu ule moyo wa katikati zaidi kuliko unene wote.

Tena gesi hazikai humo kwa usawa. Oksijeni na nitrojeni hupendelea katikati kabisa, pale ncha za mikia zinapokutana na kuacha nafasi. Halothani, ambayo upande wake mmoja una chaji kidogo, hukaa zaidi karibu na vichwa. Ukiambiwa "wingi wa gesi kwenye utando", ujue ni wastani.

Mambo mawili hupunguza kigawo. La kwanza ni kolesteroli. Hujipenyeza kati ya mikia na kuibana, na nafasi ya gesi kukaa hupungua. Utando wa chembe nyekundu, wenye kolesteroli nyingi, hubeba halothani pungufu kuliko utando wa lipidi tupu. La pili ni kuganda. Mwenye kutumia mafuta ya nazi anajua asubuhi ya baridi yanavyokuwa meupe na magumu kwenye chupa, na jua likipanda yanarudi kuwa maji. Lipidi za utando nazo zina joto lao la kuganda. Ile yenye mikia miwili ya asidi ya palmitiki, ambayo maabara nyingi huitumia, huganda chini ya nyuzi 41, na ikiganda hukataa sehemu kubwa ya gesi ambayo ingeipokea ikiwa laini. Ukikuta kigawo cha lipidi hiyo kilichopimwa kwa nyuzi 25, usikitumie kwa seli hai.

Ushauri wangu: ukipata kigawo kilichopimwa kwenye lipidi inayofanana na ya seli yako, kitumie. Ukikosa, andika jibu la mafuta ya zeituni na useme wazi ni kikomo cha juu. Usikate nusu kwa kubahatisha kisha uandike namba yenye desimali tatu.

Hatua ya 6: Kokotoa kasi ya kupita

Hapa ndipo watu wengi wamebeba picha isiyo sahihi, kwamba utando ni ukuta na gesi inaupenya kwa shida. Hesabu yenyewe ni fupi: upenyekaji ni kigawo cha utando na maji, mara kasi ya usambaaji ndani ya utando, gawa kwa unene.

Chukua oksijeni. Maji kwa nyuzi 37 hubeba 0.024 kwa kipimo cha Bunsen, mafuta 0.112, uwiano ni 4.7. Kwa kuwa utando hubeba pungufu kidogo kuliko mafuta, tumia 4. Kasi ya usambaaji iweke sentimita mraba 0.00002 kwa sekunde, ambayo ni makadirio ya kawaida. Unene ni nanomita 4, yaani sentimita 0.0000004. Jibu ni sentimita 200 kwa sekunde.

Namba hiyo pekee haisemi kitu mpaka uilinganishe. Tabaka la maji matupu lenye unene huo huo lina kigawo 1 na kasi ya 0.00003, linatoa 75. Utando umeipitisha oksijeni vizuri kuliko maji! Na muda wa molekuli moja kuuvuka, ukichukua unene mraba ugawe kwa mara mbili ya kasi ya usambaaji, ni kama nanosekunde 4. Oksijeni hutumia muda mwingi zaidi kwenye maji yaliyo nje na ndani ya seli kuliko kwenye utando wenyewe.

Kabonidayoksaidi hupita vizuri pia, kwa sharti ibaki gesi. Ikishaungana na maji na kuwa bikaboneti yenye chaji, mlango wa mafuta umefungwa. Bikaboneti inahitaji protini ya kuivusha. Na kuna tando zinazovunja desturi: mwaka 1994 watafiti walionyesha kwamba uso wa seli za tezi za tumbo unaotazama asidi hauipitishi kabonidayoksaidi hata kidogo kinachopimika. Ukikokotoa kwa mafuta ya zeituni, hutaliona hilo kamwe.

Hatua ya 7: Sasa eleza kwa nini mgonjwa anachelewa kulala

Kama utando unavukwa kwa nanosekunde, mbona etha inachukua dakika nyingi? Rudi kwenye ndoo na tanki. Kabla ya kufika kwenye ubongo, gesi inapaswa kuinua kina ndani ya damu, na kwa etha damu ni tanki pana mno: kigawo 12. Kila pumzi inamezwa na damu na kanieneo haipandi. Sevoflureni, yenye 0.65, inakuta damu ni ndoo nyembamba, kina kinapanda upesi.

Wanafunzi hukariri kwamba "halothani ni kali kwa sababu inayeyuka sana, na ni ya polepole kwa sababu inayeyuka sana", wakatoka wamechanganyikiwa, na hawana kosa. Ni umumunyifu wa aina mbili. Wa kwenye mafuta unaamua nguvu. Wa kwenye damu unaamua mwendo. Etha ina nguvu ya wastani na mwendo wa kobe. Yule daktari wa meno wa Boston, William Morton, alipoionyesha hadharani tarehe 16 Oktoba 1846, mgonjwa wake alilazimika kuivuta kwa dakika kadhaa kabla daktari wa upasuaji hajagusa kisu.

Unaweza kukokotoa mwendo wa kiungo chochote: ujazo wake mara kigawo chake na damu, gawa kwa damu inayokifikia kwa dakika. Ubongo wa lita 1.4, kigawo cha halothani na damu 1.9, damu lita 0.75 kwa dakika: dakika 3.5. Mafuta ya mwili lita 10, kigawo 60, damu lita 0.3 kwa dakika: dakika 2,000, zaidi ya siku nzima. Kwa hiyo upasuaji wa nusu saa haujazi mafuta ya mwili hata kidogo. Upasuaji wa saa nane ni habari nyingine, hasa kwa mtu mnene: yale mafuta huwa yamepokea dawa ya kutosha kuirudisha kidogokidogo kwenye damu wakati wewe unamsubiri aamke.

Hatua ya 8: Pima hesabu yako kwa mpiga mbizi

Hii ni njia nzuri ya kujua kama umeelewa, kwa sababu hakuna dawa wala vepaiza. Mtu amezama mita 30 akivuta hewa iliyobanwa. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza karibu atm 1, basi yuko kwenye atm 4, na nitrojeni ni kama 3.1 kati yake. Mara 0.076 ni 0.24, gawa kwa 25.4, milimoli 9.3. Ni karibu moja ya tano ya zile 50 za kulala fofofo. Na kweli, ni kwenye kina cha namna hiyo wapiga mbizi huanza kulewa bila kunywa: hukumu inapungua, mtu anacheka peke yake, anasahau kuangalia saa. Weka heliamu badala ya nitrojeni, kwa kigawo cha Ostwald 0.017, unapata milimoli 2. Wanaozama kina kirefu huchanganyiwa heliamu kwa sababu hiyo.

Akipanda haraka, anakuwa yale mafuta ya alizeti ndani ya bomba. Kanieneo ya nje imeshuka ghafla, gesi iliyoyeyuka haina pa kukaa, inatoka kama vipovu. Tishu zenye mafuta mengi, uti wa mgongo ukiwemo, zilimeza nitrojeni nyingi na huiachia polepole. Wapo vijana wa mwambao wanaozamia kamba na jongoo bahari kwa hewa ya kompresa, bila jedwali la kupandia wala saa. Akitoka majini na maumivu ya viungo au ganzi ya miguu, asipewe dawa ya maumivu akaambiwa akalale. Apewe oksijeni tupu na apelekwe kwenye chemba ya kanieneo.

Hatua ya 9: Jua hesabu inapokoma

Milimoli 50 ni kanuni nzuri ya kukadiria nguvu, lakini haithibitishi kwamba usingizi unatokea ndani ya mafuta. Mwaka 1950 Johnson na Flagler waliwalevya viluwiluwi kwa pombe, kisha wakaongeza kanieneo ya maji hadi zaidi ya atm 100. Wakazinduka na kuogelea. Wengi walilichukua kama ushindi wa mafuta: dawa inautanua utando, kanieneo inaubana. Tatizo ni kwamba ongezeko la joto la nyuzi moja hivi hubadilisha utando karibu sawa na dawa inavyoubadilisha, na mtu mwenye homa halali nusukaputi.

Halafu mwaka 1984 Franks na Lieb wa London wakachukua kimeng'enya kinachompa kimulimuli mwanga wake. Ni protini tupu, hakina lipidi yoyote. Dawa za usingizi zilikizima, na nguvu ya kila dawa katika kukizima ilipangika sawasawa na nguvu yake ya kulaza wanyama. Kumbe protini inaweza kuwa na mfuko wa ndani unaoipokea gesi kama mafuta yanavyoipokea. Leo macho mengi yako kwenye protini zilizopachikwa ndani ya utando, hasa kipokezi cha GABA, kemikali inayotuliza neva za ubongo, na njia za potasiamu.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la isoflureni, pia la Franks na Lieb, mwaka 1991. Molekuli ya isoflureni ina sura mbili zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Zote mbili huyeyuka sawa kwenye lipidi. Ukizipitisha hatua ya 1 hadi ya 6 utapata jibu moja. Kwenye seli za neva za konokono, moja ilizidi nyingine kwa nguvu.